Wimbo wa Asiye na Kazi ya Kugomea

Mwezi Mei 1950, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kufuatia kukamatwa kwa viongozi wao, Makhan Singh na Fred Kubai. Pumwani na Shauri Moyo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoshiriki. Silaha ya mgomaji ni kuizuia kazi yake. Je, asiye na ajira atagomea nini? Katika miaka ya 1990, vijana wa kundi la Kalamashaka, kutoka Dandora, walijibu kwa kurekodi "Tafsiri Hii". Jina hilo lina utata wa kisarufi: tafsiri yaweza kuwa nomino, au kitenzi cha kuamrisha. Ikiwa ni amri, msikilizaji ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuelewa. Basi mhakiki anayekisanifisha Kiswahili hicho cha mtaani humtua msikilizaji mzigo huo, na pamoja nao dai la mwimbaji.