Fort Jesus haisomeki bila Mji wa Kale

Wapo wageni wanaoimaliza Fort Jesus ya Mombasa kwa nusu saa: tiketi, picha mbili tatu penye mizinga, kisha hao wameshika njia ya hoteli za Nyali. Hasara yao ni kubwa. Ngome hii haitaki haraka, wala haisomeki bila mji ulio nyuma yake.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Ukisimama chini ya kuta zake, upande wa nchi kavu, utaona jinsi walivyouogopa mji waliokuja kuutawala. Walikuwa na sababu. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa kwa njama za Wareno, alipelekwa Goa angali mdogo, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa awe sultani mtiifu. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu nahodha wa Kireno, na ngome ikawa yake.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Machi 1696, ngome ikiwa tena mikononi mwa Wareno, Waomani walipoizingira. Waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi. Merikebu Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi vimo katika makumbusho, na vinastahili kutazamwa kimoja kimoja. Mwaka huohuo, Wareno walipokuwa wamekwisha kufa, ulinzi ulishikwa na Bwana Daud wa Faza na watu wake hadi msaada ulipofika. Ngome ilianguka Desemba 1698. Tumezoea kuviita vita vya Wareno na Waarabu, ilhali Waswahili walipigana pande zote mbili, wakafa pande zote mbili.

Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895. Ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na UNESCO ikaiorodhesha urithi wa dunia mwaka 2011.

Ukitoka langoni, usipande tuktuk. Shika Ndia Kuu kwa miguu, ule viazi karai kwa ukwaju, utazame milango ya nakshi na roshani za mbao. Ulizia Msikiti wa Mandhry: ulijengwa yapata 1570, kabla Mreno hajachimba msingi wa ngome, na hadi leo unasaliwa.

Nyumba za hapa ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chumvi na mvua huzila, na kuzikarabati ni ghali kwa familia nyingi. Ngome ina kiingilio, walinzi na wataalamu. Nyumba hizi zina wenyewe tu. Sehemu ya fedha anayolipa mgeni langoni ingefaa ivuke barabara, ikanunue chokaa na boriti za Mji wa Kale.