Mlingoti wa antena umegoma kuzunguka? Angalia bushi kwanza

Bariadi. Mlingoti wa antena unaozungushwa kwa mkono ni kitu rahisi. Bomba jembamba linasimama ndani ya bomba nene lililofungwa ukutani. Mkazi wa Somanda anayetaka kugeuza antena kutoka upande wa Maswa kwenda upande wa Mwanza analishika bomba la ndani na kulisukuma, basi.

Shida inaanza mvua zikishapita. Bomba lililokuwa linateleza vizuri linagoma. Mtu anachukua ngazi, anapanda na nyundo, anagonga huku amening'inia. Hapo ndipo bomba la chuma linapoangushwa, na mtu naye anaweza kuanguka nalo.

Mara nyingi ubaya hauko kwenye antena wala kwenye bomba. Uko katikati ya mabomba mawili, mahali panapotakiwa kuwa na bushi.

Si sawa na bushi ya bodaboda

Bushi ni mkono wa kitu laini au kinachoteleza, unaokaa kati ya vyuma viwili ili visisagane. Mafundi wa bodaboda wanabadilisha bushi kila siku, kwa hiyo wengi wanadhani bushi nzuri ni ile ngumu kuliko zote.

Kwa mlingoti, mambo ni tofauti. Bushi ya pikipiki inacheza kutwa nzima ikiwa imebeba uzito. Ya mlingoti inaweza kuzungushwa mara chache kwa wiki, tena polepole, kisha inakaa. Haiishi kwa kusagika. Inaharibiwa na kutu, maji, vumbi na jua. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi si "ipi ngumu?" bali "ipi itakaa nje bila kugoma?"

Chuma kwa chuma: hapana

Bomba likiingia moja kwa moja ndani ya bomba, rangi na madini ya zinki yanakwanguliwa pale yanapogusana. Maji yanaingia, kutu inaota. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inajaza uwazi na kuyabana mabomba.

Kupaka grisi kunasaidia kwa muda. Lakini kiangazi kikifika, grisi inashika vumbi na mchanga, na mchanganyiko huo unasaga chuma kama msasa.

Beringi na shaba

Beringi za gololi ni tamu kuzungusha, ila zilitengenezwa kwa kitu kinachozunguka sana. Zikisimama mahali pamoja kwa wiki nyingi huku zinapata maji, kutu inakaa chini ya gololi zilezile. Zinahitaji kifuniko kizuri, na hilo ni gharama.

Bushi za shaba iliyochanganywa na bati ni imara na hazishiki kutu kama chuma. Tatizo ni kwamba shaba ikigusa bomba lenye zinki huku kuna unyevu, zinki ndiyo inayoliwa haraka. Zile zilizolowekwa mafuta kiwandani nazo hupata raha yake shafti inapozunguka kwa kasi. Kwa mwendo wa mkono, faida hiyo haionekani sana.

Naironi nayo ina siri yake

Naironi ni rahisi kuchonga na inateleza. Lakini inakunywa maji. Aina inayotumika sana, ikilowa kabisa, inaweza kufyonza karibu asilimia 9 ya uzito wake, na ikifyonza inavimba. Fundi akiichonga ikiwa kavu na kuibana sana, kiangazi itazunguka vizuri na masika itagoma. Anayeitumia aache uwazi wa kutosha.

Mbao

Hili si wazo geni Tanzania. Kituo cha kupima zana za kilimo cha Arusha, TAMTU, kilichokuja kuunganishwa kwenye CAMARTEC mwaka 1981, kilitengeneza mikokoteni ya ng'ombe yenye bushi za mbao ngumu iliyolowekwa mafuta. Mbao hiyo inateleza na inavumilia vumbi. Kwa mlingoti inafaa, mradi ichemshwe kwenye mafuta hadi iache kutoa mapovu. Ikipakwa mafuta juu juu tu, itavimba na kupasuka.

Inayofaa zaidi: plastiki nyeusi ya mabomba ya maji

Plastiki ya poliethilini, ile ya mabomba meusi ya maji, karibu hainywi maji kabisa. Haishiki kutu, haihitaji grisi, na weusi wake unatokana na masizi ya kaboni yanayoikinga dhidi ya jua. Dumu la njano la mafuta ya kula ni plastiki ya jamii hiyohiyo, lakini halina kinga hiyo. Likikaa juani linakauka na kupasuka.

Ni laini, ndiyo, lakini mzigo si mkubwa. Chukua upepo unaosukuma antena kwa nguvu ya kilo 10, mita 2 juu ya bushi ya juu. Kama bushi ya chini iko mita 1 tu chini yake, ile ya juu inabeba kilo 30. Zikitenganishwa mita 2, inabeba kilo 20. Plastiki inaumudu mzigo huo bila wasiwasi. Somo hapa ni kwamba kutenganisha bushi mbili kunasaidia kuliko kununua bushi ngumu.

Vipimo

Bomba la inchi moja na nusu lina upana wa nje wa milimita 48.3. Bomba la inchi 2 la unene wa kati lina upana wa ndani wa karibu milimita 53. Plastiki ya unene wa milimita 2 ikizunguka katikati, inabaki nafasi ya chini kidogo ya milimita moja. Hiyo ndiyo inayotakiwa, kwa sababu plastiki hii hutanuka kwa joto zaidi ya mara 10 ya chuma. Mabomba ya dukani hutofautiana, kwa hiyo pima kabla ya kukata.

Kata kipande cha bomba jeusi chenye urefu wa sentimita 15 na nusu, kipasue kwa urefu, kitie kwenye maji ya moto na kukinyoosha. Kisha kikunje kizunguke ndani ya bomba nene. Utabaki ufa wa kama nusu sentimita. Uelekeze kwenye mshono wa ndani wa bomba, nao utapitisha maji. Kishike kwa skrubu fupi kutoka nje ambazo ncha zake hazitokezi upande wa pili.

Chini kabisa weka kisahani kinene cha plastiki hiyohiyo kibebe uzito, na toboa tundu la maji kwenye bomba la nje. Juu funika mdomo kwa kipande cha tyubu ya tairi kilichofungwa kwenye bomba la ndani. Boliti moja ya kubana itazuia upepo usigeuze antena.

Usisahau radi

Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi Afrika, na plastiki haipitishi umeme. Ukiweka bushi hii, bomba la juu linakatika na waya wa ethi ulio kwenye bomba la chini. Unganisha mabomba hayo mawili kwa waya mnene wa shaba unaokunjika, ukiacha ulegevu wa kutosha mzunguko mmoja. Ukishafika mwisho, rudisha ulikotoka, la sivyo waya huo na kebo ya antena vitajisokota.

Kabla ya kusimamisha au kulaza mlingoti, hakikisha ukianguka hautafika kwenye nyaya za umeme. Na wingu la radi likionekana, acha bomba hata kama picha inakatika. Utaligeuza mvua ikiisha.