Madini yenye jina la Nyerere

Mpishi wa makande anaijua kazi ya magadi. Kipande kidogo tu kikiingia chunguni, mahindi yaliyokuwa yamegoma hulainika. Ila si wengi wanaojua kwamba kaskazini mwa Tanzania upo mlima unaotapika jamaa wa magadi hayo hayo, yakiwa ya moto na ya majimaji.

Mlima huo ni Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, kusini mwa Ziwa Natron, wenye urefu unaokaribia mita 3,000. Volkano nyingi duniani hutoa lava yenye silika kwa wingi, na mara nyingi joto lake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Lava ya Lengai ina silika kidogo mno. Imejaa kaboneti za sodiamu, ambazo ndizo jamaa wa magadi, pamoja na za kalisi na potasiamu, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi. Mchana huoni ikiwaka. Hutiririka nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari, ikapoa, kisha unyevu wa hewa ukaigeuza nyeupe ndani ya saa au siku chache, hata mgeni anayeutazama mlima kwa mbali akadhani kileleni kuna theluji. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hii.

Sasa turudi kwenye makande. Makande ni mahindi na maharage. Unavila vyote viwili kwa pamoja, lakini punje ya hindi hubaki hindi. Ndivyo mwamba ulivyo: mchanganyiko wa madini, na kila madini yana kemia yake na mpangilio wake wa atomu. Lava ya Lengai ikiganda huwa mwamba, na ndani yake madini mawili ndiyo yanayotawala. Moja ni gregoriiti, kwa heshima ya John Walter Gregory, Mwingereza aliyelichunguza Bonde la Ufa. La pili ni nyerereiti, lililopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Tanzanaiti tunaijua sote, na tunajivunia. Lakini kitaalamu tanzanaiti si madini yanayojitegemea, bali ni zoisaiti yenye rangi ya buluu. Nyerereiti ni madini kamili, yenye nafasi yake katika orodha ya dunia. Hayavaliki, na unyevu huyaharibu haraka kiasi kwamba sampuli hufungwa zisipigwe na hewa. Inanisikitisha kuona mtoto wa Kitanzania anamaliza shule akiijua bei ya tanzanaiti, asilijue hata kwa jina jiwe la Baba wa Taifa.

Mlima huo huo wa Lengai umetuachia pia visukuku. Karibu na kijiji cha Engare Sero, tope la majivu yake lilitelemka hadi tambarare ya ziwa, na watu wakalipita pekupeku kabla halijakauka. Lilipokauka likawa gumu, likafunikwa na tabaka nyingine, zikabaki nyayo zaidi ya 400. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Kundi moja ni la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja, wengi wao wanawake watu wazima, na yamkini walikuwa wakitafuta chakula. Kisukuku si lazima kiwe mfupa. Alama ya kisigino nayo ni kisukuku, na inasema jambo ambalo mfupa hauwezi kulisema: nani alitembea na nani.

Mwalimu wa jiografia unayefundisha miamba wiki ijayo, beba kipande cha magadi darasani, kisha waeleze wanafunzi habari za Lengai. Na wewe utakayefika Engare Sero, pita kando ya nyayo, usizikanyage. Mvua na mchanga unaopeperushwa na upepo tayari vinazimega.