Dizeli Inayoishia Kwenye Mtaro wa Tairi

Fika kwa fundi pancha asubuhi ya siku ambayo trekta linatoka kwenda kulima. Dereva hataji namba. Anasema tu, "Fundi, jaza liwe gumu." Fundi anajaza, kisha analipiga tairi teke kusikia linavyolia. Likilia kama ngoma, safari imeiva. Kwa barabara ya lami dereva huyo hajakosea. Kwa shamba, anakwenda kumwaga dizeli.

Gurudumu lolote linapozunguka hula nguvu hata kabla jembe halijagusa ardhi. Wahandisi huuita mzigo huo ukinzani wa kuviringika, nao hutoka sehemu mbili. Ya kwanza ni tairi lenyewe: likikanyaga linabonyea, likiinuka linajirudi, na katika kubonyea na kujirudi huko nguvu inageuka joto. Shika ubavu wa tairi lenye upepo mdogo lililotoka safari ndefu ya lami, utauondoa mkono upesi. Ya pili ni ardhi. Udongo laini ukikanyagwa unadidimia, gurudumu linajikuta ndani ya mtaro wake lenyewe, na mbele yake kuna ukingo wa kuupanda. Likishaupanda huo, limeshachimba mwingine. Kwenye udongo uliolegea, trekta linapanda mlima kutwa nzima hata kama shamba ni tambarare.

Hapo ndipo upepo unapogeuka. Lami haibonyei, kwa hiyo tairi gumu ndilo linaloviringika kwa wepesi. Shambani hasara kubwa iko kwenye udongo. Mkandamizo wa tairi juu ya ardhi hukaribiana na upepo uliomo ndani yake, pamoja na nyongeza kidogo inayotokana na ugumu wa mpira. Punguza upepo, tairi linajitandaza, unyayo wake unarefuka, na uzito uleule unagawanyika kwenye eneo kubwa zaidi. Mtaro unakuwa wa kina kifupi. Kashata, yale meno ya tairi, nazo zinauma udongo nyingi zaidi kwa pamoja, hivyo gurudumu haliserereki ovyo.

Chukua trekta la tani 3. Kwenye lami inahitajika nguvu ya kama kilo 60 kulisogeza, asilimia 2 ya uzito wake. Kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa kiwango hicho hufika asilimia 10 au kuzidi, yaani kilo 300. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, kilo hizo 300 zinameza karibu nguvu 8 za farasi, na jembe bado liko juu. Huwezi kuziokoa zote, lakini kina cha mtaro kiko mikononi mwako.

Jambo hili si geni. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilifunga matairi ya ndege kwenye trekta lake, wakati matrekta mengi bado yakitembea kwa magurudumu ya chuma. Tairi hilo la upepo mdogo ndilo lililoyashinda yale ya chuma.

Sisemi umwage upepo kwa kukisia. Tairi la nyuma la radiali, kwa kazi ya shambani, mara nyingi huhitaji psi 12 hadi 16, lakini jibu lako liko kwenye jedwali la mtengenezaji: uzito huu, mwendo huu, upepo huu. Matairi ya aina ya zamani, ambayo nyuzi zake zimekaa mshazari, hayavumilii kushushwa kama radiali. Piga mstari wa chaki kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi kabla ya kuanza kulima. Baada ya saa moja uangalie. Mstari ukiwa umekatika, upande mmoja umesogea, tairi linazunguka juu ya rimu, na muda si mrefu litang'oa vali ya tyubu. Ongeza upepo. Na kabla ya kurudi barabarani kwa mwendo wa kasi, ongeza tena.

Adui mkubwa kuliko trekta lenyewe ni tela. Matela yetu mengi yamefungwa matairi ya lori, membamba, yenye upepo wa psi 80 na zaidi, na tunayaingiza hadi katikati ya shamba kufuata magunia. Ukiwa umekaa kwenye usukani huoni kitu. Shuka, rudi nyuma, utie mkono kwenye mtaro. Ukizama hadi kifundoni, hapo ndipo dizeli yako ilipokwenda, na msimu ujao maji yatasimama hapohapo. Tela libaki pembezoni, magunia yafuate njia moja.

Nunua geji ya upepo mdogo, inayoishia psi 30 au 40. Ile ya malori, inayopanda hadi 150, haiwezi kukuonyesha tofauti ya 12 na 16. Pima asubuhi, tairi likiwa bado la baridi.