Mkeka wa kumbukumbu ya bibi una thamani gani?

MSAFIRI wa barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi hufika Chumbi, wilayani Rufiji, akishavuka Daraja la Mkapa. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu. Tangu hapo mazao na kazi za mikono za kusini mwa mto, ikiwamo mikeka ya ukindu, hulifikia soko la jijini kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, upo mkeka usiopelekwa sokoni. Ni ule ambao binti humsukia mama yake, kwa urembo uleule aliokuwa akiusuka marehemu bibi. Hutandikwa siku ya Idi au wageni wakija, kisha hukunjwa na kuhifadhiwa.

Wengi husema mkeka wa namna hiyo hauna bei. Ni kweli, lakini hauna bei haina maana kwamba hauna gharama. Anayeijua gharama yake ndiye atakayejua pia kama mikeka anayouza inamlipa.

Kazi huanzia porini. Mkindu, ambao ni wa jamii moja na mtende, huota kwa vishina vingi pamoja, hasa penye unyevu na kando ya mito. Hukatwa makuti machanga ya katikati, huanikwa juani, huchanwa kuwa miaa, na sehemu yake huchemshwa kwa rangi. Ndipo husukwa ukili, yaani utepe mrefu, ambao baadaye hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka upate upana wa mkeka.

Hesabu ya msukaji

Tuchukue mfano wa mkeka wenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2. Ukili ukiwa na upana wa sentimita 6, zitahitajika tepe 20 za mita 2 kila moja, sawa na mita 40 za ukili.

Mama anayesuka baada ya shamba na jiko, akimaliza mita moja kwa siku, atatumia siku 40 kabla hajaanza kushona. Akiuza mkeka kwa Sh 30,000, na ukindu na rangi vikiwa vimemgharimu Sh 10,000, atabaki na Sh 20,000. Hiyo ni Sh 500 kwa siku.

Namba hizo ni za mfano. Kila msukaji aweke zake. Lakini wengi hutoa gharama ya rangi tu na kuita kinachobaki faida, kana kwamba siku zao ni za bure.

Urembo hufa na mwenye nao

Gharama nyingine haionekani kabisa. Urembo wa mkeka ni hesabu: miaa mingapi ya rangi, ipite juu ya mingapi, irudi wapi. Hesabu hiyo haiandikwi. Bibi akifariki bila kumwachia mtu, familia hupoteza ujuzi ambao ungeweza kuwaletea kipato.

Ndiyo maana mkeka wa kumbukumbu ni akiba pia. Fundi mzoefu akiwa na mkeka wa zamani mbele yake anaweza kuhesabu miaa na kuurudia urembo. Nchi kadhaa za Kiarabu, ikiwamo Oman, zimetambua thamani ya urithi wa namna hii: maarifa na ufundi wa mtende yaliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019.

La kufanya

Anayetaka kumwenzi bibi aanze wakati mama yu hai. Aketi naye, asuke kipande kifupi kwa kila urembo anaoukumbuka, na kukipa jina lake. Vipande hivyo vitakuwa kumbukumbu ya nyumbani, na sampuli ya kumwonyesha mteja.

Aliyeko mjini na anayeagiza mkeka wa kumpa mama yake alipe kwa siku za kazi, na atoe malipo ya awali ya ukindu na rangi.

Wakataji nao waache machipukizi kwenye kila kichaka. Mkindu ukikatwa moyo kila mara hudhoofika, na pasipo ukindu, hata mjukuu aliyefundishwa vizuri atakosa cha kusuka.