Joto la Breki Katika Mteremko

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema si la kanisani, nalo ni msuguano, yaani ile nguvu inayokizuia kitu kisiteleze juu ya kitu kingine. Nimelileta kwenu kwa kuwa siku za likizo tunakodi mabasi kwenda harusini, mazishini na kwenye makongamano, na wengi wetu hupita ule mteremko wa kutoka Mau Summit kwenda Nakuru. Yafaa anayeketi ndani ya basi lile ajue ni kitu gani kinachomshikilia asitumbukie bondeni.

Tuanze na miguu yetu. Ukitembea, wayo wako husukuma ardhi nyuma, na ardhi hukushika. Ingia katika matope ya mwezi wa Aprili nawe utajua mara moja kwamba ushikaji ule haukuwa kitu kidogo. Msumari hukaa ubaoni kwa msuguano. Fundo la kamba halifunguki kwa msuguano. Ule mfano wa Mithali juu ya chuma na chuma, mnaoujua nyote, umesimama juu ya msuguano, maana kisu hakinolewi kwa kutazamwa.

Lakini nguvu hiyo hiyo hula. Beringi ya mashine ya posho isiyotiwa grisi hulia kwanza, kisha huwa moto, kisha hufa, na kijiji kizima kikakosa unga siku tatu. Ndiyo sababu fundi hutia oili: ule utando mwembamba huzitenga chuma mbili zisigusane. Hilo mnalijua, sitakawia hapo.

Mimi si fundi wala mwalimu wa fizikia. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa Kiyunani, hatukufundishwa magari. Hata hivyo Kiyunani kilinisaidia hapa. Tangu mwaka 1966 elimu ya msuguano, uchakavu na ulainishaji inaitwa tribolojia, jina lililotolewa Uingereza kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya kusugua. Na katika Marko sura ya kwanza, pale panapotajwa mapito ya Bwana, neno la Kiyunani latoka katika shina lilo hilo: mapito ni njia iliyosuguliwa na nyayo za watu wengi. Haya, turudi barabarani.

Mwaka 1699 Mfaransa aitwaye Guillaume Amontons alieleza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris jambo ambalo wenzake walitaka lipimwe tena. Alisema kwamba msuguano hutegemea uzito unaokandamiza, wala hautegemei upana wa sehemu zinazogusana. Lilaze tofali juu ya ubao ulivute kwa kamba, kisha lisimamishe kwa ncha yake ulivute tena: kazi ni karibu ile ile. Baadaye ikaonekana pia kwamba kitu kilichotulia hushika zaidi ya kitu ambacho kimekwisha kuanza kuteleza. Mtu anayesukuma kabati analijua hilo. Kulianzisha ndiyo taabu. Gurudumu nalo ni vivyo hivyo. Likizunguka vizuri, pale linapogusa lami ni kama limetulia, nalo hushika. Breki zikilifunga kabisa likaburutika, ushikaji hupungua, na usukani hautii tena. Dereva anayekanyaga breki kwa hofu mpaka magurudumu yafungike, huku mvua inanyesha, amejinyang'anya msaada aliokuwa nao.

Sasa tufike kwenye joto, maana hapo ndipo watu hufa. Wazee wetu walipopekecha moto, walitumia ulindi, kijiti cha mti mgumu, wakauzungusha upesi ndani ya tundu la ubao laini mpaka moshi ukatoka. Nguvu za mikono hazikupotea. Ziligeuka kuwa joto. Breki ya gari ni kupekecha kule kule. Ndani ya gurudumu la lori au basi mna dramu ya chuma. Dereva akikanyaga, vipande vigumu vilivyopinda hubana dramu ile kutoka ndani, vikasugua, mwendo ukapungua. Mwendo umekwenda wapi? Umekuwa joto ndani ya chuma, na joto lile halina njia ya kutoka ila polepole, kwa upepo.

Ni joto kiasi gani? Fanyeni hesabu pamoja nami. Lori lenye uzito wa tani 40 pamoja na mzigo likishuka mita 500 (si mita za barabara, nasema kimo cha mlima), nguvu yote ya mshuko ule ikigeuka kuwa joto yatosha kuchemsha zaidi ya lita 500 za maji baridi. Hayo ni madebe zaidi ya 25. Na kutoka Mau Summit hadi Nakuru kimo hupungua kwa zaidi ya mita 500. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi, lakini inayobaki lazima iende mahali. Tena mwendo nao una hesabu yake kali: gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likitaka kusimama, huzitwika breki joto mara nne ya lile la gari la kilomita 40. Wengi hudhani ni mara mbili.

Breki zikizidiwa na joto, mambo kadha hutokea. Vile vipande vya kubana hupoteza ukali wake na kuanza kuteleza juu ya chuma badala ya kukishika. Dramu yenyewe hutanuka kwa moto na kuvikimbia vipande, basi kanyagio huenda chini zaidi kila mara. Katika magari madogo yenye breki za mafuta, mafuta yale yaweza kuchemka. Yakitoa mvuke, dereva hukanyaga kama anayekanyaga mto wa sufi. Katika magari makubwa yenye breki za upepo, kukanyaga na kuachia mara kwa mara humaliza upepo upesi kuliko injini inavyoujaza. Na jambo la kusikitisha ni hili: gari lile laweza kuwa lilikaguliwa asubuhi likaonekana zima. Zilikuwa breki nzuri. Zimechoshwa tu.

Dawa yake imo ndani ya injini. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa ndani ya gia ndogo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, nayo hukataa. Hulishika gari kama ng'ombe anayevutwa asikotaka kwenda. Joto hutokea humo, likachukuliwa na hewa inayopita ndani ya injini na maji ya rejeta, vitu vilivyowekwa kwa kazi hiyo. Malori mengi yana pia kifaa cha kuziba bomba la moshi ili injini ikatae zaidi. Madereva wa zamani walisema, shuka mlima kwa gia ambayo ungeupandia. Kwa magari ya siku hizi yenye nguvu nyingi, naambiwa hata iwe ndogo kuliko hiyo. Jambo kubwa ni kwamba gia ichaguliwe juu, kabla ya mteremko. Gari likisha kushika kasi, gia ndogo yaweza kukataa kuingia, na dereva akabaki hana gia yo yote.

Wako madereva wanaoitoa gia kabisa gari lishuke lenyewe, wakisema wanaokoa mafuta. Katika injini za siku hizi hata hilo si kweli. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa, injini hukatiwa mafuta, kwa kuwa magurudumu yanaizungusha. Gia ikitolewa, ni lazima ichome mafuta kidogo isizimike. Basi mtu huyo anayaweka maisha ya watu 60 rehani, na senti moja haokoi.

Mnakumbuka tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilipoingia kati ya wachuuzi na abiria kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafariki. Sisemi kisa cha ajali ile, hiyo ni kazi ya wapelelezi. Nasema tu kwamba lori likiisha kushindwa kusimama, aliye kando ya barabara na vitunguu vyake hana la kufanya.

Aliye ndani ya basi analo. Ninyi wazee wa kanisa mnaokodi gari, ulizeni habari za gia kabla ya kuuliza bei. Nanyi akina mama na vijana wa kwaya, mkisikia harufu kali kama ya mpira au kitambaa kinachoungua, au mkiona moshi kwenye magurudumu, mwambieni dereva mara moja, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika. Mkimsikia akikanyaga breki bila kuachia kilomita baada ya kilomita, semeni pia. Heri mwitwe wasumbufu.

Dereva akisimama, na apate mahali tambarare nje ya barabara, aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu, aache chuma kipoe chenyewe. Maji yasimwagwe, kwa maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi chaweza kupasuka. Hupoa polepole, nusu saa yaweza isitoshe, nanyi mwaweza kuimba. Kisha gari lipelekwe kwa fundi atazame vile vipande kabla ya kuendelea na safari ndefu. Na yale mawe, tafadhali, yaondolewe njiani kabla hamjaondoka.