Ibada ya Sanamu Katika Nchi Isiyokuwa na Sanamu

Anayetoka senta ya Mahoko, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, kwa barabara ya lami kuelekea Gisenyi hachukui muda kufika Nyundo, ambako Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifungua misheni mwaka 1901, mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza nchini, ya Save. Walikuja na Amri Kumi, zinazokataza miungu mingine na sanamu za kuchonga. Lakini nchi waliyoingia haikuwa na sanamu za kuvunja. Wanyarwanda walimjua Imana, muumba wa vyote, na hawakumchonga, hawakumjengea hekalu wala kumwekea kuhani. Walisema kwa methali yao kwamba Imana hushinda kwingine, lakini jioni hurudi kulala Rwanda.

Je, watu wa namna hiyo walikuwa waabudu sanamu? Wamisionari wengi wa mwanzo walijibu ndiyo bila kusita. Biblia yenyewe inataka swali hilo litazamwe kwa makini zaidi, na jibu lake linawagusa hata waliokwisha kubatizwa.

Kwanza, watu wa kale hawakuwa wajinga. Wengi leo hudhani Mbabeli alisujudia kipande cha mti kwa kukosa akili. Sivyo. Kule Ashuru na Babeli, sanamu mpya haikuhesabiwa kuwa mungu mpaka ifanyiwe ibada ya kuoshwa kinywa. Mabamba ya udongo yaliyofukuliwa huko yanaeleza hatua zake: sanamu hutolewa karakana, hupelekwa bustanini kando ya mto, huoshwa kinywa tena na tena usiku kucha. Kisha mafundi walioichonga hufungwa mikono kwa kitambaa, mikono hiyo "hukatwa" kwa upanga wa mti, na kila fundi huapa kwamba si yeye aliyeitengeneza, bali mungu wa ufundi wake. Sherehe nzima ilikusudiwa kufuta kumbukumbu ya kazi ya mikono.

Ukilijua hilo, sura ya 44 ya Isaya inasomeka upya. Nabii anamrudisha msomaji palepale karakana. Fundi yumo, ana njaa, hajanywa maji, nguvu zimemwishia. Anapima kwa uzi, anachora alama, anaranda. Gogo ni moja: nusu analiotea moto na kuokea mkate, na nusu iliyobaki anaiinamia na kuiomba imwokoe. Nabii hacheki umaskini wa mtu huyu. Anakishambulia kile kiapo cha mafundi, anakataa mikono isahaulike.

Pili, miungu hiyo ilikuwa na kazi, na ilipendwa kwa sababu ya kazi hizo. Misri ilikuwa na Nile. Kanaani ilitegemea mvua. Mabamba ya Ugarit, mji wa pwani ya Shamu ambao wanaakiolojia walianza kuuchimba mwaka 1929, yanamwonyesha Baali kama mpanda mawingu, bwana wa radi na mvua. Kwa hiyo ukame wa siku za Eliya, katika 1 Wafalme 17 na 18, haukuchaguliwa bure: Baali alipingwa katika fani yake mwenyewe. Mkulima wa viazi na mahindi katika vilima vya Kanama, jirani na Nyundo, hahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini mtu angemtafuta mwenye mvua. Rwanda nayo ilikuwa na watawala wa Bukunzi na Busozo, kusini-magharibi, walioheshimiwa kwa uwezo wa kuleta mvua mpaka Wabelgiji walipozivunja falme hizo katika miaka ya 1920.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Waisraeli waliohukumiwa na manabii, kwa sehemu kubwa, hawakumwacha Mungu wao. Walimwongezea wenzake. Haruni alipokwisha kutengeneza ndama wa dhahabu, alitangaza kesho kuwa sikukuu ya Bwana yuleyule aliyewatoa Misri. Huko Kuntillet Ajrud, kituo cha wasafiri katika jangwa la Sinai kilichochimbwa mwaka 1975 na 1976, kumepatikana mitungi mikubwa ya karne ya 8 KK yenye maneno ya baraka kwa jina la Yahwe na Ashera wake. Aliyeyaandika angeshangaa sana kuitwa mpagani. Alikuwa mtu wa dini, tena ya kutosha kuliandika jina la Mungu kwa wino akiwa katikati ya jangwa.

Ndani ya nyumba hali ilikuwa vivyo hivyo. Raheli aliiba miungu ya baba yake, Labani, akaificha chini ya matandiko ya ngamia na kuikalia. Mikali, mke wa Daudi, alipata kinyago nyumbani mwake cha kulaza kitandani mumewe alipotoroka. Ibada hizi za familia hazikuwa na kelele. Zililinda ukoo, urithi na watoto.

Hapo ndipo Rwanda inapoingia katika habari hii. Karibu na nyumba ya Mnyarwanda palikuwa na indaro, kibanda kidogo cha mizimu ya wazee, na hapo ndipo guterekera ilipofanyika: pombe kidogo, mtama, wakati mwingine nyama. Mtoto akiugua, mwenye nyumba alikwenda kwa mpfumu, mpiga ramli, aambiwe ni mzimu wa nani uliokasirika na unataka nini. Mizimu ilihofiwa kuliko ilivyopendwa. Imana hakuhofiwa hivyo, kwa kuwa alijulikana kuwa mwema, na kwa sababu hiyohiyo hakutolewa sadaka. Mwema hahongwi.

Ila desturi moja inastahili kutazamwa kwa karibu. Mwanamke kijana mwenye tumaini la kuzaa hakulala bila kubakiza maji kidogo nyumbani. Yaliitwa amazi y'Imana, maji ya Imana. Usiku, wakati watu wamelala, Imana angeyatumia kuulowesha udongo na kumfinyanga mtoto tumboni. Hakuna sanamu hapo, hakuna mpiga ramli, hakuna deni la kulipwa. Anayekijua kisa cha Mwanzo 2, Mungu akimfinyanga mtu kwa udongo, au cha Yeremia 18 katika nyumba ya mfinyanzi, hawezi kuyaita maji yale ibada ya sanamu na dhamiri yake ikatulia.

Ryangombe ni habari nyingine. Masimulizi humtaja kama mwindaji mkuu aliyeuawa na nyati, akatupwa juu ya umuko, mti wa maua mekundu. Waliofundishwa siri zake katika kubandwa, ibada ya chama cha wafuasi wake, wawe Wahutu, Watutsi au Watwa, waliahidiwa kukaa naye baada ya kufa katika mlima Karisimbi, wenye mita 4,507. Wasioingia walitishiwa Nyiragongo, volkano ambayo moto wake huonekana usiku kutoka upande wa Gisenyi. Padre Arnoux alikuwa amekwisha kuandika kuhusu chama hicho katika jarida la Anthropos kufikia mwaka 1912. Wamisionari wenzake wengi walimwita Ryangombe shetani, na neno hilo likafunga mjadala. Kwa kipimo cha Biblia, kubandwa inahukumiwa si kwa sababu ya ngoma wala mti mwekundu, bali kwa sababu mwanadamu aliyekufa alipewa funguo za uzima na mauti, na hofu ya moto ikawa ada ya kuingilia.

Aliyeifanya kazi ya kutofautisha kwa subira ni mtu wa Nyundo mwenyewe. Aloys Bigirumwami aliwekwa wakfu Juni 1952, askofu wa kwanza Mwafrika katika Afrika iliyotawaliwa na Ubelgiji, akaongoza Nyundo mpaka 1973. Alikusanya desturi, miiko, methali na hadithi za Rwanda, akazichapisha kwa Kinyarwanda, na mwaka 1954 akaanzisha Hobe, gazeti la watoto. Mchungaji anayetaka kuhukumu desturi bila kuzijua angefaa kuanza na kurasa zake.

Bigirumwami alipowekwa wakfu, nchi ilikuwa imekwisha kugeukia Ukristo. Mwami, yaani mfalme, Musinga, aliyekataa ubatizo, aliondolewa na Wabelgiji Novemba 1931. Mwanawe, Mutara Rudahigwa, alibatizwa Oktoba 1943, na Oktoba 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Watu waliingia kanisani kwa makundi makubwa kiasi kwamba wamisionari waliliita wimbi hilo kimbunga. Kubandwa ikajificha usiku.

Biblia ina kisa kinachofanana na hicho kwa kutisha. Mfalme Yosia, kuanzia mwaka 622 KK, alivunja mahali pa juu, akachoma nguzo za Ashera, akanajisi Tofethi, ambapo watoto walipitishwa motoni kwa Moleki. Aliuawa Megido mwaka 609 KK. Muda mfupi baadaye Yeremia alisimama langoni pa hekalu lililosafishwa, akawakuta watu wanalirudia jina la hekalu kama hirizi. Katika sura ya 7 ya kitabu chake, anayeiba, anayeua, anayezini, anayeapa uongo na anayemfukizia Baali uvumba ni mtu mmoja, katika orodha moja. Mwandishi wa Wafalme anamwandika Manase, babu yake Yosia, vivyo hivyo: pamoja na sanamu zake, aliijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Manabii hawakuona makosa mawili hapo. Kitu kilichopewa nafasi ya Mungu mwishowe hudai watu.

Aprili 1994, katika nchi iliyokuwa imewekwa chini ya Kristo Mfalme kwa karibu miaka 50, Watutsi waliokimbilia Nyundo waliuawa huko, mapadre wakiwa miongoni mwao. Wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Kilichosujudiwa siku zile hakikuchongwa kwa mti. Kilikuwa kabila, kikahubiriwa redioni, kikadai utii ambao Amri ya kwanza inampa Mungu peke yake, na kikatolewa watoto sadaka. Mkristo wa Rubavu, wilaya ilipo Nyundo, anayeikemea indaro ya bibi yake na kulinyamazia hilo anaisoma nusu ya Biblia.

Katika makanisa mengi, somo la sanamu katika mafunzo ya ubatizo huishia kwenye hirizi, mizimu na waganga. Lisomwe pamoja na Yeremia 7 na 2 Wafalme 21, na walimu wawaite wazee wa Kanama na Nyundo waeleze guterekera ilivyokuwa na ilivyoachwa. Vijana wanaobatizwa leo wamezaliwa baada ya 1994; wanahitaji kuyasikia yote mawili, ya guterekera na ya 1994, kutoka kwa watu walioyaona, wakati watu hao bado wapo.